Jirani Hakuwa Akila Jeli Yangu

Katika mtaa wetu wa Umoja, hapa Nairobi, mimi najulikana kwa majina mawili. Wanaonidai huniita kwa jina la kifungua mimba wangu. Wenye sherehe huniita Mama Jeli. Jina hili la pili nililipata kwa jasho, na leo nataka kuwasimulia wasomaji jinsi nusura linivunjie ujirani.

Nianze na jiko, maana ndilo chanzo. Nilipoolewa tulihamia nyumba ya vyumba viwili katika ghorofa ya pili, na jikoni mlikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Oveni hatukuiota hata usingizini. Tulikuwa na mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, ule ambao watu wengi huuita meko, na jiko la makaa la kuchemshia maharagwe. Wifi yangu, anayeishi upande ule wa mji wenye nyua za maua, alikuwa akija kwenye kila sherehe ya ukoo na keki ya ngazi tatu aliyooka kwa mikono yake. Nami nilikuwa nikija na sufuria ya pilau kama watu wengine wote. Msinielewe vibaya, pilau yangu haina kasoro. Lakini pilau huliwa ikasahauliwa. Kitamu kinachokuja mwisho ndicho wageni huondoka nacho midomoni wakikitaja njia nzima hadi kituo cha matatu.

Basi mwaka wa 2012, kitinda mimba wetu alipokuwa akibatizwa, niliamua kutengeneza kitindamlo kisichohitaji kuokwa. Nilikuwa nimekionja katika harusi moja: biskuti zilizopondwa chini, matunda katikati, na juu jeli ikimetameta kama kioo. Nilimfuata mpishi nyuma ya hema, naye akaniambia kwamba ile ni kazi ya maji moto na friji tu. Friji tulikuwa nayo. Tuliinunua ikiwa imetumika, na usiku ilinguruma kama lori linalopanda mlima wa Limuru, lakini ilitia baridi.

Kwa tamaa ya kumpiku wifi niliongeza la kwangu. Nilinunua nanasi kubwa la Thika, bivu kiasi cha kunukia hadi mlangoni, nikalimenya, nikalikata vipande, nikalimwagia jeli ya pakiti niliyoikoroga kwa maji moto. Nikaweka bakuli ndani ya friji saa mbili usiku, nikalala nikitabasamu. Asubuhi nilipofungua, maji. Nikasema baridi haijatosha, nikaongeza baridi. Tuliporudi kutoka kanisani, bado ni maji. Nikakoroga pakiti ya pili na kuitia humo humo. Maji matamu zaidi! Mwishowe watoto walipewa vikombe wakanywa. Mavyaa wangu, mwanamke mpole ambaye upole wake huchoma kuliko pilipili, alikunywa kidogo, akatazama ndani ya kikombe, akasema: "Juisi yako ni tamu, mwanangu. Ila mbona ina biskuti?"

Wifi hakusema kitu. Alikata keki.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja wa sayansi, muumini mwenzetu kanisani, alinieleza nilikokosea. Kitu kinachoigandisha jeli ya pakiti ni jelatini, na jelatini ni protini. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na kazi ya kimeng'enya hiki ni kuvunjavunja protini. Ndiyo maana wapishi hutumia nanasi kulainisha nyama ngumu, na ni sababu mojawapo ya ulimi kuwasha ukilila kwa pupa. Papai lina chake kiitwacho papaini, na tini na kiwi pia vina vyao. Kumimina jelatini juu ya matunda hayo yakiwa mabichi ni kama kujenga ukuta mchana huku mwingine anaubomoa usiku. Hata ningetia pakiti kumi, nisingefua dafu. Dawa yake ni moto. Chemsha nanasi kwa dakika chache na kile kimeng'enya huharibika. Nanasi la mkebe halina taabu, kwa kuwa limeshapitia moto kiwandani.

Nilipojua siri hiyo, ngoma ilikuwa yangu. Krismasi ya mwaka huo jeli iligandamana ikawa inatetemeka kwa madaha mtu akipita karibu na meza. Tangu hapo hapakuwa na sherehe katika jumba letu isiyokuwa na bakuli langu, iwe ni siku ya kuzaliwa, mtoto kufaulu mtihani, au mtu kupata kazi.

Mwaka wa 2015 akahamia juu yetu, ghorofa ya tatu, mama mmoja kutoka Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, akiwa na pacha wa kike wa miezi michache. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mara Malaba, mara Kampala, kwa hivyo mara nyingi alikuwa peke yake. Siku ya tatu nilipanda ngazi na bakuli la jeli kumkaribisha. Alifungua mlango akiwa na mtoto mmoja begani na mwingine analia ndani, akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kesho yake bakuli lilirudi limeoshwa likang'aa, na ndani mna mahamri kumi ya moto.

Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Kwa miaka minane mimi na Mama Pacha tuliishi kama dada. Funguo zangu zilikaa kwake na zake kwangu. Mume wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyewapikia wanangu. Na katika kila sherehe alikuja na viazi karai au sambusa, akakaa, akacheka, na wakati wa kitindamlo ukifika alinyanyua fungu lake akasema, "Hili nitawapelekea watoto." Bakuli lilirudi safi. Sikuwahi kuliona likirudi na hata tone.

Sasa tufike siku ya Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Binti yangu wa kwanza alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, huko Eldoret, kusomea kazi ya maabara za hospitali, nasi tulikuwa tumepanga kumuaga Jumamosi. Wageni sitini. Mavyaa angekuwapo, na wifi pia, pamoja na keki yake. Saa kumi jioni nilikuwa jikoni nikichemsha nanasi. Mmoja wa pacha, wakati huo msichana wa miaka tisa mwenye maswali mengi, alikuwa ameketi juu ya ndoo ya maji akinitazama. Nikakoroga jeli, nikachota kijiko, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso.

"Mama ametukataza, Anti. Hiyo ina mifupa."

Nilidhani ni utani wa watoto. "Mifupa gani?"

"Ya nguruwe," akasema, halafu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nilizima gesi. Nikamwuliza polepole, kama mtu anayemtoa paka kwenye nyavu, zile bakuli zote zilikuwa zinakwenda wapi. Mtoto hajui kuficha. Zilikwenda kwa bawabu wa lango. Miaka minane! Hapo nikakumbuka kwamba yule mzee aliwahi kunisimamisha akanishukuru kwa "ile kitu nyekundu", nami nikadhani amenifananisha na mtu mwingine.

Nilichukua ile pakiti nikaisoma, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu mwaka wa 2012. Kwa herufi ndogo kama chungu palikuwa pameandikwa jelatini, basi. Hapakuwa na neno juu ya mnyama. Jelatini hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na hata ikiwa ni ya ng'ombe, Mwislamu anataka kujua ng'ombe yule alichinjwa vipi. Wahindi wengi wasiokula nyama hawaigusi kabisa. Na mimi nimeishi Nairobi maisha yangu yote, mji wenye misikiti na mahekalu, na kwa miaka kumi na moja sikuwahi kujiuliza.

Sitadanganya kwamba nilijuta kwanza. Kwanza nilikasirika. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikamkuta anakunja nguo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza hata kabla ya kubisha hodi.

Alitazama uso wangu, akamtazama mwanawe aliyekuwa amejificha nyuma ya gauni langu, akaelewa. Akaweka nguo chini. "Keti, dada."

"Sikai. Miaka minane unanifanya mjinga."

"Siku ile ya kwanza ulikuja mlangoni," akasema, "nami sijui mtu Nairobi nzima. Watoto wanalia, baba yao yuko Malaba. Wewe umeniletea chakula. Ningeanza kukuuliza umekitengeneza kwa nini?"

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nilikuwa nimeshachelewa."

Nikakosa la kusema, kwa sababu najua jinsi jambo hilo lilivyo. Ukilikalia neno siku moja linakuwa zito, ukilikalia mwaka halinyanyuki tena. Aliendelea kunieleza kwamba kila sherehe aliapa atanivuta kando aniambie, halafu anasikia watu wakiniita Mama Jeli, ananiona nimesimama karibu na meza natabasamu, moyo unamwisha. Nikaketi. Nikamwuliza kwao Mombasa hula nini basi, au hawana jeli? Akacheka kwa mara ya kwanza. "Jeli tunayo toka enzi za bibi zetu. Twaiita faluda."

Akafungua kabati akatoa pakiti nyepesi kama hewa. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, zinang'aa kidogo, mfano wa kamba za plastiki zilizochanwa. Madukani huziita chaina-grasi. Wasomi huita agari. Hutokana na mwani mwekundu wa baharini, si mnyama, na kule Japani wameitumia tangu karne ya 17. Ukiitafuta Nairobi utaipata katika maduka ya Wahindi kule Ngara na Parklands, na Mombasa haikosekani. Wakati mwingine huja ikiwa unga.

"Umekuwa nayo humu ndani miaka yote hii," nikasema, "na hukunifundisha."

"Ningekufundishaje? Wewe ndiye Mama Jeli."

Nilishuka na pakiti ile mkononi, lakini niseme ukweli, sikuwa na imani na zile nyuzi. Wageni sitini si wa kufanyia majaribio. Nilimalizia jeli yangu ya zamani, bakuli mbili kubwa, nikaziweka kwenye friji. Nikapanga kwamba usiku, baada ya chakula, nitapika kastadi ya maziwa kwa faluda ndogo ya Mama Pacha na wanawe.

Saa nne kasorobo usiku stima zikapotea. Tulichungulia dirishani, giza lilikuwa limemeza Umoja yote, Buruburu yote, na baadaye simu zikatuambia kwamba ni nchi karibu nzima. Wengi mnaukumbuka usiku ule. Nilikataza mtu yeyote kufungua friji, nikalala na mshumaa na hasira zangu. Asubuhi stima zilikuwa bado. Kastadi sikuwa nimeipika, na hata ningeipika ningeipoza wapi? Nilikuwa nimeshika simu nikitaka kumpigia wifi aongeze keki ya pili, jambo ambalo lingeniuma mwaka mzima, ndipo mlango ukabishwa. Mama Pacha alikuwa amebeba sufuria yake kubwa, chujio, na iliki ndani ya karatasi.

"Zima hiyo simu," akasema. "Sisi hatuhitaji stima."

Nitawaeleza tulivyofanya, kwa kuwa najua wako wasomaji wenye meko moja na sherehe mwezi ujao, na wanafunzi waishio vyumba vya kupanga ambao hata hilo friji hawana.

Tulianza na biskuti. Pakiti mbili za Marie za gramu mia mbili kila moja tulizitia ndani ya mfuko safi wa kitambaa, nao pacha wakazipondaponda kwa chupa kwa furaha nisiyoielewa. Tukayeyusha siagi, gramu mia mbili, tukachanganya, tukashindilia chini ya trei kwa kitako cha kikombe. Shindilia hasa. Biskuti zikikaa legelege, maziwa yatapenya chini na utapata uji.

Juu yake tulipanga nanasi la jana, lile lililochemshwa kwa dakika kumi na nusu kikombe cha sukari, tukiwa tumelichuja maji yake. Msomaji mwepesi atauliza: kama agari si protini, kwa nini tulipike nanasi? Ni kweli, bromelini haiwezi kuifanya agari lolote. Lakini maziwa yana protini, na nanasi lisilopikwa likikaa ndani ya maziwa huyatia uchungu. Kwa hivyo lipike tu.

Kisha zile nyuzi. Kipimo cha Mama Pacha ni gramu kumi kwa lita moja ya maziwa, nasi tulikuwa na lita moja na nusu, kwa hivyo gramu kumi na tano. Ukiwa na ya unga, vijiko viwili vya chai kwa lita hutoa kitu laini, vitatu hutoa cha kukatika kwa kisu. Nyuzi zilikatwa kwa mkasi zikalowekwa nusu saa katika maji vikombe viwili, halafu zikachemshwa katika maji hayo hayo, moto mdogo, mwiko hautulii, mpaka hakuna uzi hata mmoja unaoonekana. Hapa ndipo wengi huharibu. Jelatini huyeyuka kwa maji moto tu, lakini agari inataka kuchemka kwelikweli. Uzi uliobaki leo utauona kesho kwenye jino la mgeni, ndiyo maana chujio ni lazima.

Maziwa yalikuwa kwenye jiko la makaa, yana sukari robo tatu ya kikombe, iliki iliyotwangwa, na unga wa kastadi vijiko vitatu vya mezani uliokorogwa kwanza kwa maziwa baridi kidogo. Yalipozidi kuwa mazito kidogo tukamimina agari ndani yake, vyote viwili vikiwa vya moto. Mimi nilitaka kuyapoza maziwa kwanza. Mama Pacha akanipiga mkono kwa mwiko. Ukitia agari ya moto ndani ya kitu baridi inaganda hapo hapo vipande vipande, kama yai katika supu. Ikikutokea usilie, rudisha sufuria motoni iyeyuke tena, haina kinyongo.

Tukamimina juu ya nanasi saa tatu na nusu. Saa nne na robo niliigusa kwa kidole. Ilikuwa imeshika. Mezani, karibu na dirisha, hakuna friji, hakuna barafu! Agari huanza kuganda ingali vuguvugu, kiasi cha nyuzi joto 35 hadi 40, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie 85. Jelatini inaanza kulegea hata kwa joto la mwili wa mtu, na huo ndio utamu wake mdomoni, na ndio udhaifu wake juani.

Tabaka la mwisho lilikuwa la pasheni. Pasheni kumi tulizikamua pamoja na mbegu zake, maana zile mbegu nyeusi ndizo pambo, tukaziacha zipate joto kidogo. Agari nyingine kidogo ilichemshwa kwa maji na sukari, ikaondolewa motoni, ndipo maji ya pasheni yakaingia. Usichemshe agari pamoja na matunda makali kwa muda mrefu, ukali huo huipunguzia nguvu. Na tabaka la juu limiminwe lile la chini likiwa limeshika lakini halijapoa kabisa, la sivyo ukikata yataachana kama mke na mume waliochokana. Mwezi wa Disemba, maembe ya ngowe yakijaa, mimi huweka maembe badala ya nanasi. Ndizi sizipendi humu, hugeuka rangi kama zimepigwa, ingawa ndimu huzisaidia kidogo. Na kwa kuwa ni maziwa, isikae nje kwa zaidi ya saa mbili kama huna friji. Pika asubuhi, ile mchana.

Saa saba tuliweka vyote mezani chini ya hema, jeli zangu mbili na trei ya Mama Pacha. Baridi ya Agosti ilikuwa imezilinda jeli usiku kucha, na zilipotoka zilisimama vizuri. Nikajisemea, naam, bado tumo. Lakini jua lilichomoza siku ile kama limetumwa, meza ilikuwa imepakana na masufuria ya pilau, na wazee wa pande zote mbili walikuwa na hotuba. Shemeji yangu alizungumza dakika arobaini. Alipofika habari za babu yao, jeli ya kwanza ilianza kutoka jasho. Alipofika maombi, ilikuwa imeegemea upande. Trei ya pasheni haikutikisika.

Ilikatwa vipande kama sabuni, ikahesabiwa, ikatosha. Mume wangu alilalamika kwamba hii lazima utafune, ile nyingine huteleza yenyewe, na sikumlaumu, ni kweli agari haiyeyuki mdomoni. Wifi alikula viwili akaniuliza niliioka kwa moto wa nyuzi ngapi. Mavyaa alikula kimoja, akatazama sahani, akatazama ile bakuli ya jeli iliyokuwa imerudi kuwa juisi, akanitazama mimi, na kwa rehema za Mungu akanyamaza.

Mimi sikuwa nikiwatazama wao sana. Nilikuwa nikimtazama Mama Pacha. Alikuwa ameketi mstari wa pili, kitambi cha leso kimelala pajani, sahani mkononi, anakula. Miaka minane na hiyo ndiyo mara ya kwanza namwona akiweka kijiko changu mdomoni. Hakunyanyua uso mpaka alipomaliza. Kisha akaja mezani, akaomba kipande cha pili, mbele ya watu wote, kwa sauti.

Mwezi wa Novemba binti yangu alinipigia kutoka Eldoret akicheka. "Mama, ile nyuzi ya Mama Pacha tunaioteshea bakteria!" Nikataka kukata simu. Akanieleza kwamba katika maabara kote duniani vijidudu huoteshwa juu ya agari, na kwamba jambo hilo lilianza jikoni. Mnamo 1881 huko Ujerumani daktari mmoja, Walther Hesse, aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, alisumbuliwa na jelatini yake iliyokuwa ikiyeyuka wakati wa kiangazi. Mkewe, Fanny Hesse, alimshauri ajaribu agari, aliyokuwa akiitumia kutengeneza jeli za matunda siku za joto. Naye Fanny, wanasimulia, alikuwa ameijua kwa jirani yake Mholanzi aliyewahi kuishi Java. Mwaka uliofuata Koch alitangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, akaitaja agari, asimtaje mama yule. Niliposikia habari za jirani nilimwambia binti arudie sehemu hiyo, kisha nikapanda ghorofani kumweleza mwenyewe. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bakteria? Msiwaambie wageni."

Siku ya Idd, tarehe 10 Aprili 2024, nilipanda tena na trei ya pasheni, niliyoitengeneza peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Pacha waliigombania mlangoni. Nilipokuwa nikishuka kwenda dukani, yule bawabu alinisimamisha langoni. Alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza habari za nyumbani, habari za mtoto wa chuo, akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini? Ile kitu nyekundu siku hizi hainifikii."

Sasa kila sherehe natengeneza trei moja ya agari kwa watu wote na bakuli dogo la jeli ya pakiti kwa ajili yake. Yeye hana shida na mifupa, na anasema ile ya kutafuna haipendi.